Jirani Asiyeonekana Msibani: Saa Moja ya Simu za Wasikilizaji Tanga

Kisa hiki kilitokea katika kipindi cha asubuhi cha redio moja mjini Tanga. Redio yenyewe sitaitaja, wala mtangazaji, na waliopiga simu nitawaeleza kwa yale waliyoyasema tu. Mtaa wa mama aliyesemwa nao nimeuacha makusudi. Sababu itaonekana huko mbele. Nimeisikiliza rekodi yote, nimezungumza na waliokuwa studio siku ile, na mama mwenyewe amenikaribisha kwake. Ameridhia kisa kiandikwe, kwa sharti kwamba ugonjwa uliotajwa hewani usirudiwe. Sitaurudia.

Kipindi ni cha aina inayojulikana nchi nzima. Magazeti yakishasomwa, mtangazaji anatupa mada, anataja namba ya simu, na kwa saa nzima mji unazungumza. Siku ile mada ilitoka kwa msikilizaji aliyetuma ujumbe kwenye WhatsApp ya kipindi, na mtangazaji akausoma kama ulivyo: mtaani kwetu kuna mtu haonekani kwenye msiba wa mwenzake hata mmoja, sasa siku akifiwa yeye, twende tukazike au tumwache na maiti yake? Akaongeza la kwake, "Wewe ungefanyaje?", akafungua simu.

Mada ilikuwa nzuri. Nalisema hili mapema kwa sababu mambo yalipoharibika walitokea waliodai isingeguswa kabisa, na mimi sikubaliani nao. Msiba wa pwani hausubiri. Mtu akifariki alfajiri, Waislamu wengi wa hapa watakuwa wameshamzika kabla ya magharibi, aghalabu baada ya sala ya adhuhuri au alasiri. Ndani ya saa hizo chache maiti aoshwe, sanda ikatwe, kaburi lichimbwe, jeneza lifuatwe msikitini, majamvi yatandikwe nje kwa wanaume na mikeka ndani kwa wanawake, na sufuria zibandikwe. Hakuna familia inayoyamudu hayo peke yake. Ndiyo maana mtaa unahesabu: nani kachota maji, nani kamenya vitunguu, nani katoa ubani, yaani mchango wa msiba, nani kalala matanga, nani kapita njia kana kwamba hakuona kitu. Hesabu hiyo haiandikwi popote, ila kila mtu anaijua, na adhabu yake inajulikana vilevile, nayo ni kususiwa. Siku yako ikifika, watu wanakuja kukupa pole mlangoni, wanarudi makwao.

Tena redio na misiba vimejuana zamani. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965, matangazo ya vifo yakianza nyumba nzima ilinyamaza. Fulani wa Korogwe anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Habari ziwafikie fulani wa Muheza, fulani wa Pangani, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Tangazo lile lilimwondolea mtu udhuru: ukishatajwa, umeshaambiwa. Mwaka 1993 sheria ikaruhusu watu binafsi kuanzisha vituo, mwaka uliofuata Radio One ikaingia hewani, na simu za mkononi zilipoenea hadi vijijini, yule msikilizaji aliyekuwa akitajwa akawa ndiye anayetaja. Mabadiliko hayo mimi nayapenda. Wanawake ambao wasingepewa nafasi ya kusema mbele ya jamvi la wanaume sasa wanasema, na wanaume hao hao wanawasikiliza. Lakini yana upande wake mwingine, na asubuhi ile ulionekana.

Simu ya kwanza ilikuwa ya mzee. Alisema asiyezika hazikwi, ndivyo walivyowakuta wazee wao, akashukuru, akakata.

Simu ya pili, kwa maoni yangu, ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, nayo ilipewa muda mfupi mno. Mwanamume mmoja Mkristo, mwenyeji wa bara anayeishi Chumbageni, alieleza kwamba kwao maiti husubiri. Husubiri watoto watoke mbali, husubiri kusafirishwa, na mtu ana siku kadhaa za kuomba ruhusa kazini. Alipohamia Tanga akifikiwa na habari ya msiba asubuhi, alijipanga kwenda kesho yake, na alipofika akakuta watu wameshatoka makaburini jana. Mtaa ukamwona mwenye kiburi. Yeye akauona mtaa una siri. Ikachukua muda mpaka jirani mmoja mtu mzima alipomkalisha barazani akamweleza mwendo wa mazishi ya hapa, na kwamba hata akichelewa kaburini bado siku za matanga anaruhusiwa kuja kuhani, yaani kutoa pole, na kukaa. Tangu hapo akawa mtu wa watu.

Hapo mada ilikuwa imefunguka. Tanga ni mji wa wenyeji na wahamiaji. Wadigo, Wabondei, Wasegeju, Wazigua na Wasambaa wana zao, na tangu mkonge uanze kuita vibarua kutoka kila pembe ya nchi kila aliyekuja alikuja na desturi zake za kulia na kuzika. Swali la nani haonekani msibani lingeweza kugeuka swali la nani hajaelezwa. Mtangazaji alisema, "Asante sana kaka, ujumbe umefika," akaenda kwenye simu ya tatu.

Hii ya tatu ilianza kama simu zote zinavyoanza: unaitwa nani, unatupigia kutoka wapi? Mpigaji akajibu kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, akataja na mtaa. Kisha akasema huyo mtu anayezungumzwa, yeye anaye. Wamepakana ukuta. Ni mwanamke anayeshona nguo hapo nyumbani kwake, alirudi kutoka Dar es Salaam miaka michache iliyopita, hana mume. Hajawahi kuonekana msibani. Juzi tu wamezika nyumba ya tatu kutoka kwake, watu wanalia, yeye kafunga madirisha.

"Kafunga madirisha?" mtangazaji akauliza, na sauti yake kwenye rekodi imepanda.

"Kafunga, mwanangu. Yote."

"Jina usilitaje mama, tusije tukagombana na watu."

"Simtaji," mama akajibu, na akacheka kidogo.

Watu wa studio walipoulizwa baadaye, hoja yao ya kwanza na ya mwisho ilikuwa hiyo: jina halikutajwa, tena mtangazaji alikataza lisitajwe. Wanaisema kwa moyo safi, na ni kweli kwamba alikataza. Lakini hebu tuyapange yaliyosemwa. Jina la mpigaji limetajwa, mtaa umetajwa, ukuta umetajwa, kazi ya kushona imetajwa, Dar es Salaam imetajwa, kukosa mume kumetajwa, na nyumba ya msiba imehesabiwa mpaka kufika kwake. Mtu asiyewahi kukanyaga mtaa ule angeweza kushuka kwenye bajaji akafika mlangoni bila kuuliza njia. Fikiria Ngamiani, ambako barabara zinaitwa kwa namba: mtu akitaja barabara ya ngapi na ufundi wa mtu, amekwisha kutaja jina. Kwa redio inayosikika nchi nzima, "mshonaji mmoja wa Tanga" anaweza kuwa yeyote. Kwa redio ya Tanga inayosikilizwa na watu wa Tanga, kuficha jina na kuacha mtaa ni kufunga mlango na kuacha ukuta umebomoka.

Lipo jambo ambalo sijaona likizungumzwa na wafanyakazi wa redio zetu, nalo ni lile swali la mazoea, unatupigia kutoka wapi. Linaulizwa kwa wema. Linaonyesha kipindi kinafika mbali, linampa mpigaji heshima ya kuwakilisha watu wake. Ila mtu anayepiga kumlalamikia jirani, akishataja anapokaa, amekwisha kusema jirani huyo anakaa wapi. Hakuna kukataza jina kunakoweza kulirudisha hilo nyuma.

Baada ya hapo desturi ya kuzikana haikuzungumzwa tena na yeyote. Aliyezungumzwa ni mama mmoja. Mpigaji wa nne alisema watu wakikaa Dar es Salaam hurudi na majivuno. Wa tano, kijana, akasema anamfahamu huyo mama, na kweli hasalimii watu. Wa sita akapendekeza mtaa ukae kikao. Wa saba akauliza kama ana watoto, maana watoto nao watakuja kuadhibiwa kwa kosa la mama yao. Mtangazaji hakumtukana mtu, wala hakuna aliyetukana. Lugha ilikuwa ya adabu mwanzo hadi mwisho, ya jamani na samahanini na nisikosee. Nimeirudia rekodi sehemu hiyo nikitafuta neno moja la kuonewa haya, sikulipata, na hiyo ndiyo sababu hakuna aliyeshtuka.

Tanga ina njia yake ya zamani ya kumsema mtu bila kumtaja. Mji huu uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star umelelewa na taarabu, na kila mwanamke wa hapa anajua kuvaa kanga yenye maneno ikapita mbele ya mlango unaohusika. Fumbo lina heshima moja ndani yake, kwamba linamwachia msemwa nafasi ya kusema hayanihusu. Akitaka analipokea, asipotaka linapita, na siku ya pili mnasalimiana. Baraza nayo ina kinga yake, kwa sababu mzee mmoja akikohoa na kusema hayo yaacheni, yanaachwa, na anayesemwa anaweza kutokea kona muda wowote ikabidi asalimiwe. Asubuhi ile redioni hapakuwa na fumbo wala mzee wa kukohoa. Aliyebakia na uwezo wa kukohoa ni mtangazaji.

Karibu apatikane wa kumkoholea. Kituo kilikuwa kimemwandaa ustadhi mmoja kuzungumza kwa simu, na alipoingia alileta jambo lililopaswa kuuzima moto wote. Alisema kumuosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya: wakitekeleza baadhi ya watu, wengine dhambi inawaondokea; asipotekeleza hata mmoja, wote wanaojua na wanaoweza wanaingia dhambini. Kwa hiyo mtaa unaosusa kuzika haumwadhibu aliyefiwa. Unajitia wenyewe hatiani, na maiti aliyeachwa juu ya kitanda hakumkosea mtu. Akaendelea kwamba ile hadithi ya haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake, inayotaja kufuata jeneza, inataja pia kurudisha salamu, kuitikia mwaliko, kumwombea anayepiga chafya, na kumzuru mgonjwa. Akalitilia mkazo hilo la mwisho, kisha akauliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe, mbona mitaa inahesabu majeneza na haihesabu wagonjwa.

Naona alikuwa amelishika jambo lenyewe bila kujua. Kuzikana hapa kwetu hakujawahi kuwa peke yake. Vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilivyoenea katika miji ya Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wanavikumbuka kwa sare na gwaride, lakini wanachama wake walisaidiana wakiugua na walisaidiana wakifiwa. Kuuguzana na kuzikana vilikuwa mkono mmoja. Leo msiba umebaki na hesabu yake kali, na uguzo umeingia ndani ukafungiwa mlango.

Mtangazaji alimshukuru ustadhi kwa elimu hiyo, halafu akamuuliza: sasa huyu mama tunayemzungumzia, hukumu yake ni ipi?

Ustadhi alijibu kwa maneno machache. Huyo mama simjui, na sijamsikia. Akaaga.

Nilimwuliza mtangazaji jibu lile alilipokeaje. Alisema aliona ustadhi amekwepa swali. Mimi naona alikuwa mtu pekee saa ile nzima aliyefanya kazi ya mtangazaji: alikataa kumhukumu asiyekuwepo. Kadhi hahukumu kabla ya kusikia pande mbili, na kipindi kilikuwa kimeshasikia upande mmoja mara tano.

Dakika chache kabla ya saa tatu, simu iliingia. "Asalaam alaikum. Mimi ndiye mnayenisema."

Kituo hiki hakina mtu wa kupokea simu kabla hazijapelekwa hewani. Mtangazaji mwenyewe anabonyeza, na anayepiga anasikika palepale. Hakuna pia mtambo wa kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, ule unaompa fundi nafasi ya kukata jambo kabla halijatoka. Kwa hiyo mama yule hakuulizwa na yeyote, pembeni, anataka kusema nini na nini hataki kuulizwa. Alitoka jikoni kwake akaingia moja kwa moja masikioni mwa mji.

Alizungumza kwa utulivu, na nilipomsikia niliona jinsi alivyochagua maneno. Nina mgonjwa ndani, akasema. Siwezi kumwacha. Ubani nautuma kwa mkono wa mtoto, kama haufiki sijui. Madirisha nafunga kwa sababu kilio kinamtaabisha. Basi. Alikuwa amejibu kila kilichosemwa juu yake na hakuwa ametoa siri ya mtu. Yeyote mwenye sikio angetambua kwamba amefika mwisho wa anachotaka kusema.

Mtangazaji alikuwa ameguswa, inasikika wazi. "Pole sana mama yangu. Pole. Ni nani wako huyo, na anaumwa nini?"

Rekodi ina kimya kifupi hapo. Kisha mama akajibu. Ni mama yangu mzazi. Na akautaja ugonjwa, mmoja wa yale ambayo nyumba zetu nyingi hazitaji hata kwa ndugu.

Bibi mwenyewe alikuwa chumba cha pili, na redio iliyokuwa ikilia ndani ya nyumba ile ilikuwa yake. Amelala kitandani muda mrefu, akili yake ni timamu, na redio ndiyo mazungumzo aliyobaki nayo. Alisikia simu ya tatu, ya nne, ya tano. Alimsikia binti yake akisemwa. Kisha akasikia ugonjwa wake ukitajwa, jambo alilokuwa ameomba tangu mwanzo lisitoke nje ya mlango.

Kipindi kikafungwa kwa kaswida. Meseji za pole zikamiminika mpaka nyingine hazikusomwa. Studio walipeana mikono. Wengine wao waliniambia hawajawahi kupata kipindi kilichowagusa watu namna ile, na naamini wanasema kweli. Mama aliyekuwa ameshtakiwa alikuwa ameachiliwa mbele ya mji mzima. Gharama yake ilitolewa na mtu ambaye hakushtakiwa, hakupiga simu, na hakuulizwa.

Alasiri ile nyumba ilijaa. Wanawake walikuja na uji, na matunda, na ndoo za maji, wengi kwa huruma ya dhati, na wachache kwa kutaka kuona. Jirani aliyepiga simu ya tatu alikuja naye, akalia, akaomba radhi, akasamehewa. Bibi aligeukia ukutani, akakataa kuonana na mtu. Usiku kipande cha sauti cha binti kilikuwa kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kimekatwa kuanzia salamu yake hadi jina la ugonjwa. Simu zilizomshtaki hazikuwemo. Zilizosambaa ni dakika zile mbili alizojitetea.

Nilipomwuliza mama yule anamlaumu nani, hakumlaumu jirani. Alisema jirani alisema asichokijua, na watu wote husema wasichokijua. Aliyeuliza ndiye alikuwa na nafasi ya kutouliza. Nilijaribu kumtetea kidogo mtangazaji, kwamba aliuliza kwa huruma. Akasema, najua, ndiyo maana nilimjibu.

Jibu hilo limenikaa. Angekuwa ameulizwa kwa ukali, asingesema. Mtangazaji yule ni mzaliwa wa Tanga na amelelewa vizuri. Akienda kumjulia hali mgonjwa, huuliza mgonjwa anaendeleaje, usiku umelalaje, hajambo kidogo? Hamwulizi mwenye nyumba anaumwa nini mbele ya watu arobaini waliokaa sebuleni. Analijua hilo kabisa. Lakini studio ni chumba kidogo chenye mtu mmoja na maiki, na sauti ya mpigaji inaingia kwenye vipokea sauti kama ya mtu aliyekaa bega kwa bega. Mtangazaji akihisi wako wawili, anauliza swali la watu wawili. Mpigaji naye, akiwa ameshika simu sikioni peke yake jikoni, anahisi hivyohivyo. Ukaribu huo ndio uzuri wa redio, ndio unaomfanya mtu aliye peke yake na cherehani asikie ana mwenzake, na mtu aliyefundishwa kazi hii anatakiwa aujue ili asiutumie vibaya. Mafunzo tunayowapa vijana wetu yanawafundisha kumfanya mpigaji ajisikie nyumbani. Sijui ni wangapi wanafundishwa kumkumbusha kwamba hayuko nyumbani.

Sheria ipo. Katiba ya mwaka 1977 inalinda faragha ya mtu katika ibara ya 16, ibara mbili tu kabla ya ile ya 18 inayolinda uhuru wa maoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Na katika mashauri ya kashfa haijawahi kutosha kusema jina halikutajwa, ikiwa watu wanaomjua mhusika wametambua kwamba ni yeye. Ila sitaki kulijenga jambo hili juu ya sheria, kwa sababu sheria ingefika baada ya bibi kugeukia ukutani. Kilichohitajika kilikuwa kidogo zaidi na kilikuwa karibu.

Kwanza, simu ya tatu. Mama yule aliposema kafunga madirisha, lilikuwepo swali moja ambalo mtu yeyote wa barazani angeliuliza: wewe uliwahi kumbishia hodi? Tumepakana ukuta, ndivyo alivyosema mwenyewe. Mara ya mwisho kuingia ndani kwake ilikuwa lini? Swali hilo halimfedheheshi mpigaji, na linarudisha mazungumzo kwenye desturi, kwa sababu kila msikilizaji mwenye jirani angelazimika kujijibu. Mtangazaji badala yake alirudia neno la mpigaji kwa mshangao, na mshangao wa mtangazaji ni mafuta.

Halafu simu ya mama. Alipojitambulisha tu, lilikuwepo tangazo la mdhamini ambalo halijapigwa. Fundi mitambo aliniambia lilikuwa limepangwa kabla ya saa tatu. Muda wa tangazo moja ungetosha kuzungumza naye nje ya hewa: pole mama, hulazimiki kusema chochote, unataka kusema nini, kuna jambo usingependa nikuulize? Pengine angechagua kutozungumza kabisa, na kipindi kikamsafisha kwa namna nyingine, kwa mtangazaji kusema tu kwamba amewasiliana na mhusika, yaliyosemwa hayakuwa na ukweli, na mazungumzo hayo yamefungwa. Isingegusa watu kama ilivyogusa. Hilo nalikubali, na nasisitiza kwamba ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Uongozi wa kituo ulitaka kuomba radhi hewani siku ya pili. Mama alikataa. Aliwaambia mkiomba radhi mtaeleza mnaomba radhi kwa lipi, na aliyelala jana atasikia leo. Niliona ana hoja isiyopingika. Kuomba radhi palepale kosa lilipotendeka ni kanuni nzuri kwa habari ya uongo. Kwa siri iliyotoka, ni kuitoa mara ya pili. Wakakubaliana waje nyumbani bila maiki, na imamu wa msikiti wa karibu akafuatana nao. Bibi aliwasikiliza kutoka chumbani. Aliomba rekodi iondolewe mahali popote kituo kilipoiweka, na ile nakala iliyokuwa imeshapangwa kwenye marudio ya Jumamosi isipigwe. Yote mawili yalifanyika siku hiyohiyo. Kuhusu nakala zilizo kwenye simu za watu, viongozi wa makundi mawili walizifuta na kuwaomba wanachama wafanye hivyo. Zilizobaki hazina wa kuziita zirudi.

Baadaye kipindi kilirudi kwenye mada kwa mlango mwingine: kuuguza mtu nyumbani. Wapigaji waliombwa wasitaje mtaa, waseme tu mjini au wilaya gani. Simu zilikuwa chache na ndefu. Mwanamume mmoja wa wilayani Pangani alieleza anavyomgeuza mkewe kitandani usiku ili ngozi isichubuke, na hakuna aliyemwuliza mkewe anaumwa nini. Mama mmoja akasema kinachomchosha zaidi ya kazi yenyewe ni kwamba hawezi kwenda msibani, na watu wamemnunia. Wanawake wa mtaa wa kisa chetu walijitolea kukaa zamu na bibi ili binti awe anakwenda kuhani. Bibi hajakubali mpaka sasa. Ubani wa binti unapokelewa kwa jina lake.

Mtangazaji aliondolewa kwenye kipindi kwa muda, na wengi waliona hilo limetosha. Mimi nililipinga mbele ya uongozi na nalipinga hapa. Aliyechukua nafasi yake anakaa kwenye chumba kilekile, anabonyeza simu mwenyewe, anauliza unatupigia kutoka wapi, na hana mtu nje ya kioo wa kuzungumza na mpigaji kabla hajasikika. Nimeambiwa bajeti ya mtu wa kupokea simu haijapatikana. Niliomba wakati ikitafutwa, mada yoyote inayohusu majirani, ndoa au maradhi isifunguliwe simu za moja kwa moja, bali ujumbe wa sauti unaosikilizwa kwanza na mtu wa pili. Wamesema watalijadili, na nimewaandikia tena.